Ilford, Mji Ulioandikwa Ukingoni mwa Filamu



Ukipanda treni ya Elizabeth katika stesheni ya Liverpool Street, katikati ya London, ukaanza kusoma Yasin kwa mwendo wa taratibu, wakati unaimaliza utakuta milango inafunguliwa Ilford. Zamani mji huu ulikuwa wa jimbo la Essex, nao ulihesabiwa kuwa ni mbali. London ikakua ikaumeza, kama Mombasa ilivyovuka maji ikaimeza Kisauni. Mgeni kutoka pwani hapati taabu hapa. Katika barabara ya Ilford Lane maduka ya nguo za maharusi yamebanana na maduka ya nyama ya halali, na harufu ya bizari hukufuata mpaka kituo cha basi. Jambo ambalo mgeni halizoei upesi ni mbingu yake, ambayo tangu Oktoba huwa kama sufuria iliyofunikwa.

Nina sababu mahsusi ya kuwaletea habari za mji huu. Katika barabara iitwayo Roden Street pana duka kubwa la vyakula, lenye uwanja wa magari, ambalo mtu hulipita bila kuligeukia. Hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha Britannia Works. Mwaka 1879 bwana mmoja, Alfred Harman, alianza kutengeneza vioo vya kupigia picha nyumbani kwake katika mji huu. Kazi ikapanuka, kiwanda kikajengwa, na hatimaye kampuni ikachukua jina la mji wenyewe: Ilford. Kwa miongo mingi mpiga picha wa Mombasa au Unguja aliyefungua boksi la filamu nyeusi na nyeupe alikutana na jina hilo, asijue kama ni la mtu, la mji au la mdudu. Kiwanda cha hapa kilifungwa katika miaka ya 1970. Filamu zenye jina hilo zingali zikitengenezwa, lakini katika kijiji cha Mobberley, jimbo la Cheshire, mbali kaskazini.

Mwaka jana, kuanzia Septemba hadi katikati ya Disemba, nilikaa Ilford. Binti yetu alijifungua, na mama watoto alikwenda kumtunza mzazi, nami nikafuatana naye. Katika nyumba ya mzazi mwanamume hana kazi ila kuambiwa asipite hapo na asifungue mlango ule. Juma la pili mkwe wangu, kwa kunihurumia, aliniletea karatasi ya chuo kimoja cha watu wazima kisichokuwa mbali, chenye masomo ya jioni. Palikuwa na ufinyanzi, Kihispania, hesabu, na upigaji picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, majuma 10. Nikachagua hilo la mwisho, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Darasani tulikuwa watu 9. Wengi walikuwa vijana waliozaliwa wakati simu zina kamera, na ambao walitaka kujua picha ilikuwa inatoka wapi kabla ya simu. Palikuwa na dereva wa basi aliyestaafu, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipiga picha za jiko la mamake kabla nyumba haijauzwa. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa miaka takriban 70, aliyefanya kazi magazetini. Siku ya kwanza nilijitambulisha, na yeye akaandika katika daftari lake neno moja tu, Sheikh, akidhani ndilo jina langu la kuzaliwa. Sikumsahihisha. Kila Alhamisi nilikuwa nikiitwa, "Sheikh, njoo uone hii," kwa sauti ambayo hata wanafunzi wangu wa madrasa hawajapata kuniita kwa upole namna ile.

Tulipewa kamera aina ya Pentax K1000, za Kijapani, nzito kama jiwe la mizani, zisizo na jambo lolote linalojiendesha lenyewe. Unageuza duara kuchagua ukubwa wa tundu la lenzi, unageuza jingine kuchagua kasi ya pazia, unalenga, unapiga. Filamu ina picha 36, basi. Mwalimu alitupa kanuni ya zamani: mchana wa jua kali weka tundu kwenye 16, na kasi ya pazia ilingane na nambari ya filamu; filamu ya 400, basi pazia lifunguke kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, ambayo ndiyo iliyo karibu. Akatazama dirishani, akasema kwamba hapa wataitumia mwezi wa Juni. Nikafikiri kwamba kwetu kanuni hiyo ingemtosha mtu mwaka mzima, ukiondoa siku za masika.

Somo lililonishughulisha zaidi lilihusu kanzu. Kamera ina kipima mwanga, na kipima mwanga hakijui kinachokitazama. Kimeundwa kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kwa jumla, ni kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye kanzu nyeupe, kinadhani nuru imezidi, kinakuamuru uipunguze, na kanzu hutoka kama imefuliwa kwa maji ya mtaroni. Ukikielekeza kwenye buibui, kinadhani giza limezidi, kinakuamuru uongeze, na buibui hutoka limepauka kama la miaka 20. Mpiga picha hana budi kukikhalifu: kwa kanzu aongeze nuru hatua moja au mbili, kwa buibui apunguze. Na uso mweusi nao una hesabu yake. Vijana wa darasani waliandika haya kama kanuni. Mimi nilikuwa nikimkumbuka mjomba.

Marehemu mjomba wangu, Allah amrehemu, ndugu wa mama baba mmoja mama mmoja, alifanya kazi katika studio moja ya picha Mombasa kwa zaidi ya miaka 20. Zama hizo pwani ilikuwa na mafundi wa sifa. Mombasa alikuwako N. V. Parekh, aliyefungua studio yake mwaka 1942, na Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, ambaye picha zake za kuunganishwa zimeonyeshwa hata ng'ambo. Mjomba hakuwa na jina kama hao. Alikuwa mtu wa chumba cha ndani, wa kuosha filamu. Sisi watoto tulimjua kwa vidole vyake vilivyobadilika rangi kwa dawa, na kwa kututuma barafu. Kila alasiri mmoja wetu alikimbia kununua bonge la barafu, akalipeleka studio likiwa limefungwa guniani, na malipo yalikuwa kipande cha kunyonya. Sikujua barafu ile ilikuwa ya nini. Nilidhani ni ya sharbati.

Jibu nililipata Ilford nikiwa na miaka 50 na kitu. Filamu yetu, ambayo ni HP5, huoshwa katika dawa iitwayo ID-11 kwa dakika 7 na nusu, na dawa hiyo sharti iwe na joto la digrii 20. Ikizidi joto, filamu hukolea mno na punje zake huonekana. London maji ya bomba ni baridi mpaka tukalazimika kuyachanganya na ya moto. Mombasa maji ya bomba yanakuja yenyewe yakiwa kama ya kuogea mgonjwa, na mjomba alikuwa akiyateremsha kwa barafu, digrii baada ya digrii, kila siku ya kazi.

Kabla ya kuosha, filamu hutolewa katika mkebe wake na kuviringishwa kwenye kigurudumu chenye mifereji, katika giza totoro. Taa nyekundu ambayo watu huiona katika sinema ni ya karatasi za picha. Filamu haivumilii hata hiyo. Tulifanya mazoezi kwanza kwa filamu mbovu, macho wazi, kisha macho yamefumbwa, kisha tukaingia chumbani mmoja mmoja. Vijana walitoka wakihema. Mimi nilimaliza mapema, na mwalimu akauliza nilijifunzia wapi. Nilimwambia kwamba madrasa niliyosoma haikuwa na umeme, na asubuhi za mvua tulidurusu bila kuonana. Sijui kama hiyo ndiyo sababu.

Filamu ikishaoshwa huwekwa katika dawa ya kusimamisha, yenye ukali wa siki, kisha dawa ya kukazia, kisha maji mengi. Unapoitoa unaona dunia imepinduliwa: mbingu nyeusi, kanzu nyeusi, buibui jeupe, meno ya mtu anayecheka yamekuwa makaa. Hiyo ndiyo negativu. Jina hilo lilitolewa na mwanachuoni wa Kiingereza, John Herschel, ambaye pia ndiye aliyeonyesha dawa ya kuikaza picha isiendelee kuungua kwa mwanga. Picha ya namna hii ya zamani kuliko zote iliyobaki ni ya dirisha moja la nyumba ya William Henry Fox Talbot, ya mwaka 1835, na ni ndogo kuliko kiganja.

Jumamosi moja mwalimu alitupeleka Regent Street kuona jengo ambalo juu ya paa lake Richard Beard alifungua studio mwaka 1841, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya umma katika Ulaya. Waliiweka paani ili kuifuata nuru. Tukiwa njiani alituuliza ni nani aliyeanza kueleza habari za chumba chenye giza na tundu moja. Dereva wa basi alisema ni Mtaliano. Nikawaeleza habari za Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, ambaye katika utafiti wake juu ya nuru alitumia chumba chenye giza na tundu, akatazama jinsi mwanga wa taa kadhaa unavyopita humo bila ya kuchanganyikana. Mwalimu alikuwa akijua. Alitaka mtu mwingine aseme.

Sasa nifikie sababu yangu. Mjomba alipofariki aliacha mkebe wa biskuti uliojaa negativu, na mkebe huo ulinifikia mimi. Niliusafirisha hadi Ilford katika mkoba wa mkononi. Ndani yake mlikuwa na negativu moja iliyofungwa peke yake katika karatasi ya shashi, na juu yake mjomba ameandika kwa herufi za Kiarabu jina la dada yake na mwaka 1964. Yule ni mama yangu, kabla hajaolewa.

Mama alifariki nikiwa na miaka 13. Alikuwa mtu wa kujisitiri sana, na hakukubali kupigwa picha na mtu baki. Nyumbani tulibakiwa na picha yake ya kitambulisho, ambayo kwa kushikwashikwa imekuwa waa. Dada zangu wadogo hawamkumbuki kwa sura. Hii moja alikubali kwa kuwa aliyeshika kamera ni nduguye, na walikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Niliinyanyua negativu ile mbele ya taa, na ukingoni mwake, kwa herufi ndogo, pamechapwa ILFORD HP3. Huenda filamu hiyo ilipakwa dawa katika kiwanda kingine cha kampuni hiyo, cha Brentwood, mbele zaidi kwenye reli hii hii. Lakini jina lilikuwa la mji ambao nilikuwa nimeketi ndani yake.

Tatizo ni kwamba chumba cha giza cha chuo ni cha watu wote. Wanafunzi husimama ubavu kwa ubavu mbele ya trei za dawa, kila karatasi inapoanza kutoa sura wote huinama kuitazama, na picha zilizoiva huanikwa kwenye kamba kama nguo. Zipo kauli za wanazuoni kuhusu picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, alizijuzisha kwa hoja kwamba ni kuzuia kivuli tu, si kuumba. Wengine wakampinga, na mlango huo sikusudii kuufungua hapa. Shida yangu haikuwa hiyo. Mama alimruhusu mtu mmoja, chumba kimoja, siku moja. Nani aliyenipa mimi ruhusa ya kuuanika uso wake kwenye kamba mbele ya watu 8 nisiowajua?

Nilimweleza mwalimu baada ya darasa. Hakuuliza swali. Alhamisi iliyofuata alifika saa nzima kabla ya wakati, akanipa ufunguo, akaweka kiti nje ya mlango wa chumba cha giza na kuketi na gazeti lake ili kumzuia atakayekuja mapema. Nilikwenda na mama watoto, maana aliolewa katika nyumba hii na hakuwahi kumwona mkwewe.

Negativu ya mjomba ni ya mraba, sentimita 6 kwa 6, kwa hiyo nilibadilisha lenzi ya mashine ya kukuzia. Nilikata ukanda wa karatasi nikaujaribu kwa sekunde 5, 10, 15, 20. Hapo ndipo nilipouona ufundi wa mjomba. Mama alikuwa amevaa leso nyeupe, nyuma yake pana pazia jeusi, na nuru inatoka dirisha moja. Kipima mwanga chochote kingekosea huku au kule. Yeye hakupoteza uzi mmoja wa leso wala kunjo moja la pazia, na uso ukabaki katikati yake, umetua. Nikaweka karatasi nzima kwa sekunde 14, nikaizamisha katika dawa. Madrasani tulikuwa tukiosha ubao maandishi yaondoke. Hapa unaosha ndipo yanapokuja. Kwanza lilikuja pazia, kisha mstari wa nywele, kisha macho.

Sura yake sitaieleza. Mama watoto aliinama kwenye trei chini ya taa nyekundu, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe mtoto sura kaipata huku." Alikuwa akimkusudia mjukuu wetu wa majuma 9. Tukatoa nakala 4, moja ya kila dada na moja ya binti yetu. Zilikauka ndani ya kitabu, si kwenye kamba.

Katika mkebe mna bahasha nyingine 11. Kila moja ina jina la mwenye nyumba, jina la mtaa, na neno amana. Nilipokuwa kijana mjomba aliniambia utaratibu wake. Wanawake wa Mji wa Kale walipotaka picha, walimwita yeye kwa kuwa anaaminika, akaziosha mwenyewe usiku wakati studio imefungwa, akazirudisha pamoja na negativu ili pasibaki kitu dukani. Hizi 11 hazikuchukuliwa. Kuna waliohamia Dubai na Muscat, kuna walioaga dunia, na kuna, nadhani, waliopigwa picha bila ya waume kujua wakaogopa kuzifuata. Sijazifungua.

Mwisho wa kozi palikuwa na maonyesho, kila mwanafunzi picha 3. Kijana mmoja aliyesikia habari za mkebe alinisihi nizioshe zile bahasha, akisema kwamba hiyo ni historia, na kwamba historia ni ya watu wote. Nilimheshimu kwa sababu alisema kwa mapenzi. Lakini wale wanawake hawakupiga picha kwa ajili ya historia. Walipiga kwa ajili ya mume aliyekuwa safarini, au mama aliye Lamu, au kwa ajili ya kioo tu, kujitazama. Nikaanika picha ya uwanja wa magari wa Roden Street ukiwa na mvua, ya mikono ya dereva wa basi, na ya mlango wa chumba cha giza wenye kiti kitupu mbele yake.

Hata hivyo, kijana yule alikuwa na hoja moja ambayo sikuweza kuijibu. Filamu za aina hii huoza. Plastiki yake, hasa katika joto na unyevu kama wetu, huanza kuvunjika na kutoa harufu ya siki, kisha hujikunja, na dawa iliyobeba picha hubanduka. Ikishaanza hairudi nyuma. Kukaa kimya kwa jina la heshima ni kuziacha zife. Na kuziosha mwenyewe, nikazitazama moja moja, ni kufanya ambalo mjomba alikataa kwa miaka yote hiyo.

Tulishauriana na mama watoto, naye akakata shauri kabla yangu. Majuma matatu ya mwisho, kila Alhamisi, mwalimu alitupa ile saa moja kabla ya darasa, na aliyesimama mbele ya trei alikuwa yeye. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Kwa jicho lake sekunde 2 ni nyingi. Chuo kilikuwa kinatoa mashine kuukuu ya kukuzia, nasi tuliileta imefunguliwa vipande vipande ndani ya mablanketi, pamoja na maboksi ya karatasi na dawa za unga. Imewekwa katika stoo ya nyumba yetu, ambayo dirisha lake tumelitia ubao. Barafu siku hizi tunatengeneza kwenye friji.

Majina yaliyo juu ya bahasha sitayaandika hapa. Lakini ikiwa nyanyako, mamako au shangazi yako alikuwa akikaa Mji wa Kale kati ya mwaka 1960 na 1972, na nyumbani huzungumzwa habari ya picha iliyopigwa ikapotea, ulete jina la mwenye nyumba na la mtaa. Yakilingana na bahasha, bahasha ni yenu. Mkitaka ioshwe, mama watoto ataiosha mbele ya mwanamke wa kwenu, na negativu mtaondoka nayo. Mkitaka ichomwe, itachomwa. Yeye huwapokea wanawake kila siku baada ya Alasiri ila Ijumaa, na afisi ya jarida hili itawaelekeza nyumba. Msikawie. Bahasha 2 kati ya 11 zimeshaanza kunuka siki.